Mwaka Niliofua Jezi za Korongo

Amani alinipigia simu nikiwa kazini, nikimvisha soksi bibi mmoja wa Kiingereza asiyekubali kuvishwa soksi na mtu yeyote isipokuwa mimi. "Yaya," aliniambia. Kwetu Bukavu mkubwa wa tumbo moja huitwa yaya, na wadogo zangu hawajaacha kuniita hivyo ingawa sasa wana watoto wao. "Kocha Desmond amefariki." Nilimaliza soksi ya pili, nikamfunika bibi miguu, ndipo nikatoka kwenye korido nikaegemea ukuta. Bibi aliita kutoka ndani akiuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi nikae kwanza, yeye hana haraka ya kwenda popote.

Baada ya maziko watu wa zamani walikutana katika ukumbi wa kanisa kule Ilford, London, karibu na mtaa wa maduka. Wanaume niliowajua wakiwa na mapaja kama magogo sasa waliinuka kwenye viti wakishika viuno. Mwalimu mmoja mstaafu anayependa habari za michezo alikuwa amebandika ukutani historia ya timu yetu, karatasi kubwa zenye picha na matokeo: timu ya besiboli ya kulipwa mshahara katika jiji ambalo halikuwahi kuomba besiboli. Nilizisoma nikiwa nimeshika sahani ya sambusa. Karatasi ya mwisho ilisema kwamba katika msimu wa tatu timu ilivunjwa kwa kukosa fedha, kisha ukuta ukaendelea mtupu hadi mlangoni. Rolando, Mkuba aliyekuwa mrushaji wetu mkuu, alikuja akasimama nyuma yangu. "Hawajakuweka," alisema. Nikamjibu kwamba mimi sikurusha mpira hata mmoja. "Ulifua suruali zetu msimu mzima, Furaha. Hakuna mwanahistoria aliyetujua kama wewe." Tulicheka hadi mjane wa Kocha akageuka kutuangalia, kisha naye akacheka bila kujua sababu. Niliporudi nyumbani usemi ule haukunitoka kichwani. Mwaka ule ninao mimi, na kama sitausimulia utaishia pale kwenye ukuta mtupu.

Jinsi tulivyobaki watatu sitaieleza hapa. Wanaotujua wanaijua, na wasiotujua inatosha waelewe kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, Amani kumi na minne, Neema tisa, na kwamba nilikuwa nimeshaacha shule ili wao wasiiache. Tulikaa katika flati ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, upande wa mashariki ya London, juu ya duka la kufua nguo, kwa hiyo sakafu yetu ilikuwa na joto hata wakati wa baridi. Watoto walikuwa wamekabidhiwa kwangu kwa muda tu. Bi Patricia, mama wa ofisi ya ustawi wa watoto, alinieleza jambo hilo bila kulizungushazungusha, na mpaka leo namshukuru kwa hilo: kulikuwa na familia moja Tooting, kusini mwa jiji, iliyokuwa tayari kumchukua Neema, na nyingine mbali zaidi kwa ajili ya Amani, na mwisho wa kiangazi wangeamua. Alitaka kuona kwamba nina kazi ya kudumu, na kwamba kuna mtu wa kukaa na watoto ninapokuwa kazini. "Sisemi huwapendi," aliniambia. "Nasema upendo haupiki chakula cha jioni." Nilimwambia napika mwenyewe. Akaandika kitu, na sikujua kama ni kizuri au kibaya.

Kazi niliyokuwa nayo ni ile ya timu ya Korongo. Tajiri mmoja muuza vigae vya bafuni alikuwa ameona besiboli Marekani akaipenda kama mtu anavyopenda dini mpya. Akarudi London, akakodi uwanja uliokuwa wa mbio za mbwa kando ya mabwawa, akaleta wachezaji kutoka Kuba, Kanada na Japani, akawachanganya na vijana wa hapa wanaofunga nyaya za umeme siku za kazi, akawapa jezi nyeupe zenye picha ya korongo kifuani. Mwanzoni watu walijaa, wakitaka kuona. Msimu wangu, ambao ndio ulikuwa wa tatu, walikuja wachache na wengine walikuja kutukana tu. "Rudini shuleni!" walipiga kelele kutoka kwenye ua. "Huo ni mchezo wa wasichana wa darasa la nne!" Rolando, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuomba maji na kuuliza njia, alidhani wanamshangilia na akawapungia kofia.

Chumba changu kilikuwa chini ya jukwaa. Kilikuwa na mashine mbili za kufulia, moja ikifungwa mlango kwa kamba, meza ndefu ya kupigia pasi, na hita iliyopasha joto hata mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, kwa sababu hakuna aliyejua kuizima. Ukuta uliokitenga na chumba cha wachezaji ulikuwa wa mbao nyembamba, na dawa yao ya misuli ilipenya na kuniwasha macho. Wiki ya kwanza Kocha Desmond, Mjamaika mrefu mwenye sauti ya kunong'ona, aliacha kreti la mipira karibu na mashine zangu akatoka. Nikaitazama. Ilikuwa mipira mipya, ngozi nzuri nyeupe na mshono mwekundu, lakini yote ilikuwa imepakwa uchafu wa kijivu. Nikajua ni watoto wa mtaani. Kwetu msichana hawezi kuachwa na kitu cheupe kilichochafuka akakiacha hivyohivyo. Watu watasema hakulelewa. Nikachukua brashi na sabuni ya mche, nikaisugua mmoja mmoja, nikaiosha, nikaipanga juu ya hita ikauke. Ilipendeza. Niliiangalia kama mtu anavyoangalia shuka alizoanika.

Kocha aliporudi alisimama mlangoni muda mrefu. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Kocha. Ilikuwa michafu."

Akageuza ndoo, akakaa juu yake, akamwita Rolando. "Njoo uone mipira yako inavyong'aa."

Rolando alichukua mmoja, ukateleza mkononi ukaanguka. Akauokota, akaunusa. "Unanukia kama shangazi yangu," alisema, na kwa kuwa Kocha alikuwa ameficha uso kwa kofia, nilidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka asinitie haya. Ndipo akanieleza. Mpira mpya una utelezi, mrushaji hawezi kuushika sawasawa, na ukimponyoka unaweza kumvunja mwenzake taya. Kwa hiyo kabla ya kila mechi mipira yote husuguliwa kwa tope laini mpaka ule mng'ao uondoke, bila kuifanya myeusi. Alikuwa na tope lake alilochota kwenye kingo za kijito nyuma ya uwanja na kulichuja kwa soksi ndefu ya mke wake. "Umefuta kazi yangu ya asubuhi nzima," alisema. "Sasa itakuwa yako." Akanifundisha: tone la maji, tope kidogo kwenye kiganja, kisha kuuzungusha mpira kwa mikono miwili bila kuruka mahali popote. Nilikuwa nimezoea kuondoa uchafu tangu utotoni. Ilinichukua muda kukubali kwamba ninalipwa kuupaka.

Watoto walikuja uwanjani baada ya shule. Basi lao lilisimama mbele ya lango na hapakuwa na mahali pengine pa kuwaacha. Amani alifanya kazi zake za shule kwenye meza ya pasi, nami nikipiga pasi kwenye nusu iliyobaki. Nilimsemesha Kiswahili, naye alinijibu Kiingereza, na tulielewana kuliko watu wengi wanaosema lugha moja. Neema alikaa kwenye jiko la uwanjani na Kenji, mdakaji wetu, ambaye alikuwa na magoti mabovu na siku nyingi hakufanya mazoezi. Baada ya mechi za nyumbani nilipikia timu zote mbili, kwa sababu Kocha aliamini kwamba watu waliorushiana kitu kigumu mchana kutwa lazima wale pamoja kabla ya kuachana. Nilipika maharagwe na wali, na sombe nilipopata majani ya muhogo. Mara ya kwanza Rolando alionja maharagwe akaweka kijiko chini. "Nani amekwambia?" aliuliza. "Nani ameniambia nini?" "Jinsi mama yangu anavyoyapika." Nilimwambia mama yake ndiye aliyeiga kwetu, na kuanzia siku hiyo alikula sahani tatu na kudai ni kwa heshima ya mama. Sijui kama wasomaji wanaelewa meza ile ilikuwa nini kwangu. Nyumbani tulikula watatu na kimya cha wale wasiokuwepo. Pale Neema alilazimika kupigania kipande cha kuku na watu wazima, na alikipata.

Mwezi wa nane mtu wa tajiri alikuja akiwa amevaa suti. Nilikuwa nakunja taulo. Kupitia mbao nilisikia sauti yake akisema kwamba biashara ya vigae imekwama, mishahara itakoma mwisho wa mwezi, na mechi ya Jumapili ijayo itakuwa ya mwisho. Mlango ukafungwa. Kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja, wengine kwa kutukana. Mkanada mmoja alisema aliambiwa miaka mitano. "Mimi nilimwambia mama yangu nitamjengea choo cha ndani," alisema Rolando. "Sasa nitampelekea vigae." Hakuna aliyecheka. Kisha nikasikia Kenji akiuliza, "Na Furaha je? Nani atamwambia?"

"Ukuta umeshamwambia," alisema Kocha. "Furaha, unasikia?"

"Nasikia, Kocha."

"Pole, binti."

Nikauliza, "Jezi za Jumapili bado mnazitaka?"

"Tunazitaka," alisema. "Zaidi ya siku zote."

Nilipanga taulo zote mpaka mwisho. Kisha nikakaa sakafuni nyuma ya mashine, mahali ambapo Amani hakuweza kuniona. Kazi ya kudumu, alisema Bi Patricia, na zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla hawajakaa kuamua. Niliona Tooting kichwani ingawa sikuwahi kufika: nyumba safi, mama mpole, Neema akijifunza kutoniwaza. Jambo lililonitisha ni kwamba angeweza kuwa na raha.

Mama Esther wa kanisani kwetu, Mkongo mwenzetu aliyekuwa amepita ofisi zote za nchi hii, alinipa ushauri akinichambulia mboga. "Furaha, binti yangu, usipende kusema sana. Ule mama akiuliza kazi, sema kazi iko. Njo hivyo tu, basi. Akishamaliza kuandika, utatafuta ingine. Bazungu banapenda karatasi, hawapendi habari." Nikamwuliza je, akigundua? "Atagundua nini? Yeye anajua besiboli?" Kesho yake Kocha naye, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akimdanganya hata mwamuzi, aliniita pembeni. "Akiniuliza, nitasema bado unafanya kazi hapa. Mpaka amalize. Nani ataumia?"

Nilimwambia, "Atawauliza watoto, Kocha."

"Waambie na wao."

"Neema hajui kusema uongo. Na sitaki niwe mimi niliyemfundisha."

Aliniangalia, akavua kofia, akaivaa tena. "Basi mpigie wewe, kabla hajasikia kwa wengine," alisema. Nikampigia Bi Patricia kwa simu ya ofisini, Kocha akiwa amesimama nje ya mlango kama mlinzi. Nilimwambia timu inakufa Jumapili na kazi yangu inakufa nayo. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia," kwa sauti ya mtu aliyeongezewa mzigo. Akauliza watoto watakuwa wapi Jumapili. Nikamwambia uwanjani, kwenye mechi ya mwisho. "Basi nitakuja hukohuko. Nataka kuona watu unaonitajia kila siku."

Jumapili niliwavalisha nguo za kanisani. Amani shati jeupe, Neema gauni la njano lenye mkanda. Niliwaambia wakae kwenye benchi wasiguse kitu chochote, wasimame Bi Patricia akija, na Amani amwite madamu. "This is so fake," alisema Amani, kwamba haya ni maigizo matupu, na nikajifanya sijasikia. Lakini asubuhi hiyo Kocha hakuonekana. Gari lake lilikuwa limegoma. Aliyekuwa na ufunguo wa kabati la mipira ni yeye peke yake. Alipofika akikimbia, waamuzi walikuwa wameshavaa na wapinzani wanapasha misuli, na mipira yote ya kreti ilikuwa mipya, ikimetameta. Mikono yangu miwili isingetosha. Nilitazama benchi. "Njooni," nikasema. Walikunja mikono ya nguo zao. Tulipiga magoti watatu kuzunguka ndoo, mimi nikiweka maji, Amani tope, Neema akizungusha kwa viganja vyake vidogo ulimi ukiwa nje. "Usiruke mshono," nilimwambia. "Siruki, yaya, acha kuniangalia." Hapo ndipo kivuli kilipoangukia kreti. Bi Patricia alikuwa amesimama juu yetu na mkoba wake, akitazama gauni la njano ambalo sasa lilikuwa na alama za vidole vitano kifuani, na shati jeupe ambalo sitaki hata kulisema. Nilisimama nikaficha mikono nyuma, na tope likanitiririka kwenye sketi.

"Naweza kueleza," nilisema.

"Malizeni kwanza," alisema. Akatafuta ndoo nyingine, akaigeuza, akakaa.

Tulishindwa mechi ile, kama mnataka kujua. Rolando alirusha vizuri lakini wenzake walikuwa na machozi machoni, na mtu mwenye machozi hadaki mpira. Baadaye walikula wote, na Bi Patricia akaketi kati ya Neema na Kenji. Hakula mwanzoni. Aliuliza maswali kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei. Alimwuliza Neema nani humpikia yeye, dada yake akiumwa. "Kenji," alisema Neema. "Lakini wali wake unashikana." "Ndivyo unavyotakiwa kuwa," alisema Kenji. Nani husoma barua za shule? "Yaya. Anasoma zote, hata zisizo na maana, halafu anatuuliza maswali." Alimwuliza Amani angependa kukaa wapi. Amani alimjibu kwa Kiingereza cha mtaani kwetu, akitafuna, kwamba wakiwatenganisha yeye atarudi tu, na wakimpeleka tena atarudi tena, kwa hiyo watakuwa wanapoteza mafuta ya gari. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. "Nimekwambia ukweli, madamu," aliongeza.

Ndipo Bi Patricia akaweka uma chini akasema jambo ambalo wote tulilijua na hakuna aliyelitamka. "Meza nzuri. Lakini kesho haipo. Wewe unarudi Havana, wewe Kanada. Mimi siwezi kuandika kwamba watoto hawa wana watu, wakati watu wenyewe wanafunga mabegi."

Rolando alitazama sahani yake, kwa sababu alichosema mama yule kilikuwa kweli. Aliyejibu ni Maureen, mke wa Kenji, mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa akija kila mechi na sikuwahi kuongea naye zaidi ya salamu. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika nyumba ya wazee. "Sisi hatufungi begi," alisema. "Na mimi sina mfuaji tangu mwezi uliopita. Nimeziona jezi hizi msimu mzima." Kisha akanigeukia mimi, si Bi Patricia. "Kazi inaanza alfajiri, na ni shuka za wazee. Si nzuri. Unaitaka?" Nilisema naitaka. Bi Patricia akauliza mara moja: alfajiri, basi nani atampeleka Neema shule?

"Mimi," alisema Kocha Desmond kwa ile sauti ya kunong'ona. "Nakaa mtaa wa pili. Na kuanzia kesho sina timu."

"Kila siku?" aliuliza Bi Patricia.

"Mama, mimi nimeamka alfajiri miaka thelathini kuwaangalia wanaume wakikosa mpira. Kumpeleka mtoto mmoja shule ni likizo."

Alimpeleka kila siku ya shule mpaka Neema alipoanza sekondari na kumwomba, kwa aibu, asimfikishe tena langoni. Kocha akawa anamwacha kwenye kona. Hayo hayamo kwenye karatasi za ukumbini, na simlaumu mwalimu yule. Yeye alitafuta matokeo ya mechi. Mara nyingi nimejiuliza kama Kocha alikuwa ameshaamua kabla ya Jumapili ile au alisema neno ambalo baadaye ilimbidi aliishi. Sikuwahi kumwuliza. Nafikiri ni lile la pili, na ndiyo maana nilimlilia zaidi.

Nilimsindikiza Bi Patricia hadi kwenye gari. Alikuwa amekula mwishowe, maharagwe mengi. Aliniambia ataandika kwamba tubaki pamoja, kwamba wakubwa wake wanaweza kuuliza maswali lakini yeye ana majibu sasa, na kwamba atakuwa anakuja bila taarifa. "Njoo wakati wowote," nilisema. Akatazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa ya kijivu mpaka viwikoni, akasita, kisha akaishika yote miwili.

Tulirudi kwa basi, jua bado liko juu ya paa za nyumba. Abiria walisogea mbali na sisi. Niliwaambia watoto palepale kwenye viti, kwa maneno machache, kwa sababu niliogopa sauti yangu. Neema aliuliza kama ni mpaka lini. Nikasema mpaka mtakaponichoka. Amani alitazama dirishani njia nzima, mabega yakimtetemeka, nami nikajifanya nasoma tangazo la bima. Nilipofungua mlango wa flati waliingia wakisukumana, kila mmoja akitaka kuoga wa kwanza, Neema akisema yeye ndiye mchafu zaidi, Amani akisema yeye ndiye mkubwa, mlango wa bafu ukigongwa, maji yakifunguliwa na kufungwa, jirani wa juu akipiga sakafu kwa ufagio. Siku nyingine yoyote ningewanyamazisha. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na tope langu mikononi, nikawaacha wagombane.